Kulipwa ili Usilime: Udongo wa Cimarron na Matuta ya Uluguru

Kaunti ya Cimarron iko kwenye ncha ya magharibi kabisa ya jimbo la Oklahoma, Marekani, pale ambapo ramani ya jimbo hilo inachomoza kama mpini wa kikaango. Eneo lake linazidi kilometa za mraba 4,700, lakini katika sensa ya mwaka 2020 wakazi wake hawakufika 2,500. Ni wachache kuliko watu wa kata moja ya kawaida hapa kwetu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 500, na upepo haupumziki. Makao makuu yake ni mji mdogo unaoitwa Boise City. Katika kaunti hii, kama ilivyo katika mamia ya kaunti nyingine za vijijini nchini humo, serikali kuu hutia saini mikataba na wenye mashamba na kuwalipa kila mwaka ili sehemu ya ardhi yao isilimwe. Wanaotesha majani, wanayaacha yasimame, na hundi inafika.

Kila ninapolieleza jambo hili darasani, kwanza hucheka watu, kisha huja swali: ni serikali gani inayomlipa mtu kwa kuacha kulima? Jibu jepesi ni kwamba Marekani ni tajiri na ina fedha za kuchezea. Jibu la pili, ambalo hupendwa zaidi na wale waliohudhuria warsha nyingi, ni kwamba wenzetu wana utamaduni wa kuyajali mazingira. Majibu yote mawili yanashindwa na tarehe. Malipo haya yalianza katika miaka ya 1930, wakati mabenki ya Marekani yalikuwa yamefilisika kwa maelfu na robo ya nguvukazi yake haina ajira. Yalianza, zaidi ya hayo, mikononi mwa wakulima waliokuwa wameiharibu ardhi yao kwa kasi ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuishuhudia.

Nyanda za kusini zilikuwa nchi ya Comanche na Kiowa, na ya makundi makubwa ya nyati, kabla ya jeshi na wawindaji kuwaondoa wote. Nyasi zake fupi zilikuwa na mizizi iliyoukamata udongo kwa karne nyingi. Walowezi walipogawiwa ardhi hiyo waliipasua kwa plau, na matrekta yalipokuja katika miaka ya 1920 kazi iliyohitaji msimu mzima ikawa ya siku chache. Vita Kuu ya Kwanza iliwaponza. Serikali ya Marekani ilihakikisha bei ya ngano ya dola 2 kwa busheli, yaani kipimo cha kilo 27 hivi, na kila mwenye ekari akaigeuza kuwa ngano. Vita vikaisha, bei ikaporomoka, na kufikia mwaka 1931 busheli ileile ilikuwa haifikii nusu dola. Mkulima mwenye deni hana njia nyingi: bei inaposhuka, hulima zaidi ili kufidia. Wakalima zaidi. Kisha mvua ikakoma.

Vumbi lililoinuka halikuwa la kufumba macho na kupita. Lilizika nyua, mashine na mabomba ya kunyweshea mifugo, likaua watoto na wazee kwa nimonia. Tarehe 14 Aprili 1935, siku inayokumbukwa kama Jumapili Nyeusi, wingu jeusi lilifunika nyanda hizo na kuugeuza mchana kuwa usiku. Cimarron ilikuwa katikati ya yote hayo. Ile picha maarufu ya mkulima na wanawe wawili wakikimbilia kibanda kilichozikwa nusu na mchanga, iliyopigwa na Arthur Rothstein mwaka 1936, ilipigwa katika kaunti hii. Mwaka 1930 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 5,000. Miaka kumi baadaye hawakufika 4,000, na mpaka leo idadi ile ya mwanzo haijarudi.

Mtu aliyeipa serikali lugha ya kuzungumzia janga hili ni Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo kutoka North Carolina. Tangu mwaka 1928 alikuwa ametoa waraka wa serikali akiutangaza mmomonyoko kuwa tishio kwa taifa, na wachache sana walimsikiliza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1935 aliyavuta maneno yake kwa makusudi, akijua kwamba vumbi la magharibi lilikuwa njiani kuelekea Washington, mpaka dirisha la chumba lilipoingia giza na maseneta wakaenda kulitazama. Simulizi hiyo huenda imenogeshwa. Sheria yenyewe haikunogeshwa: tarehe 27 Aprili 1935, siku kumi na tatu baada ya Jumapili Nyeusi, Marekani ilikuwa na sheria ya hifadhi ya udongo na idara ya kudumu ya kuitekeleza, Bennett akiwa mkuu wake.

Lakini sheria ya kuhifadhi udongo si sawa na sheria ya kumlipa mtu ahifadhi udongo, na hapa ndipo wanahistoria wengi wanapopita haraka mno. Mwaka 1933 serikali ya Roosevelt ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze uzalishaji ili bei zipande. Fedha zake zilitokana na kodi iliyotozwa kwa wasindikaji wa mazao. Tarehe 6 Januari 1936 Mahakama ya Juu iliitupa sheria hiyo: Bunge, ilisema, halina mamlaka ya kikatiba ya kudhibiti kilimo kwa njia ya kodi na malipo ya namna ile. Mamilioni ya wakulima walikuwa tayari wamezoea hundi, na mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi. Haikutimia hata miezi miwili. Tarehe 29 Februari 1936 ilitoka sheria mpya, ambayo sasa ilimlipa mkulima kwa kuhamisha ekari zake kutoka mazao “yanayodhoofisha udongo” kwenda mazao “yanayohifadhi udongo”. Mazao yaliyodhoofisha udongo, kwa bahati njema, yalikuwa ngano, pamba, mahindi na tumbaku, yaani yaleyale yaliyokuwa yamefurika sokoni.

Jina likabadilika, hundi ikabaki. Sisemi haya kwa kubeza. Udongo ulikuwa unapeperuka kweli, na mazao yale yalikuwa yanaudhoofisha kweli. Ninachosema ni kwamba malipo ya hifadhi yalizaliwa na siasa za kipato cha mkulima, na asili hiyo haijawahi kuyatoka.

Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulishika vizuri, kwa sababu tutalihitaji muda si mrefu. Katika ukame wa mwaka 1934 malisho yalikwisha na ng'ombe wakaanza kufa malishoni. Serikali ya Marekani ikawanunua. Ilinunua zaidi ya ng'ombe milioni 8, waliofaa wakachinjwa ili nyama iwafikie wasio na kazi, waliodhoofu mno wakapigwa risasi na kuzikwa papo hapo. Mfugaji alilipwa kwa kila kichwa, hata kwa yule ng'ombe aliyekuwa hawezi kusimama. Ilikuwa siku ya machozi kwa familia nyingi. Hata hivyo ilikuwa ni biashara, na mfugaji aliweza kukataa.

Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza walikuwa wakiyatazama haya yote kwa makini. Vumbi la Oklahoma liliingia katika magazeti yao, katika taarifa za idara za kilimo, na katika mawazo ya kila bwana shamba aliyepita kwenye mteremko wa Kiafrika na kuona korongo. Mwaka 1939 kilichapishwa London kitabu cha Jacks na Whyte kilichoitangazia dunia nzima hatari ya mmomonyoko. Colin Maher, aliyeongoza kazi ya hifadhi ya udongo nchini Kenya, alisafiri hadi Marekani kujionea mwenyewe, na taarifa ya safari yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1940. Kwa hiyo uhusiano wa Cimarron na milima yetu si jambo la kubuniwa na mwalimu anayetafuta mada. Sayansi ilivuka bahari: kulima kwa kufuata kontua, matuta, kupunguza mifugo, kupumzisha ardhi.

Kilichobaki ng'ambo ni kitabu cha hundi.

Tuanze na Ukamba. Mwaka 1938 serikali ya Kenya iliamua kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi uwezo wa ardhi. Jambo ambalo halikusemwa kwa sauti ile ile ni kwamba ardhi ya Wakamba ilikuwa imepunguzwa na mipaka ya mashamba ya walowezi na ya Serikali. Ng'ombe wakahesabiwa, kila mwenye kundi akapangiwa idadi, na waliozidi wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kikihitaji mali ghafi. Linganisha na Marekani miaka minne tu kabla yake. Kule ng'ombe wa mtu aliyefilisika ananunuliwa ili mtu huyo asihame. Huku ng'ombe wa mtu asiye na deni anachukuliwa kwa manufaa yake mwenyewe, na anatarajiwa kushukuru. Wakamba hawakushukuru. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, mamia kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na unyang'anyi ule wa mifugo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili shinikizo likahamia kwenye matuta. Huko Murang'a, machifu walisimamia kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na waliochimba zaidi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini au katika mashamba ya walowezi wakitafuta kodi. Mwaka 1947 kazi ilisimama, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana kupinga. Wakati huohuo, na hili huwa silichoki kulirudia, sheria ya mwaka 1942 ya kuongeza mazao ilikuwa imewahakikishia walowezi wa Kenya kipato cha chini kwa kila ekari, pamoja na ruzuku ya kuvunja ardhi mpya. Kwa hiyo hata hoja kwamba koloni halikuwa na fedha haisimami. Mzungu alilipwa kulima ardhi mpya. Mwanamke wa Kikuyu alilazimishwa, bila senti, kuponya ardhi iliyochoka kwa kubanana.

Na Uluguru? Mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa nia ambayo, kwa haki, haikuwa ya kipuuzi. Mto Ruvu unachota maji yake katika milima ile, na tope lililoteremka lilikuwa kubwa. Wataalamu waliamuru kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, wakapiga marufuku kuchoma moto mashamba, wakazuia kulima miteremko mikali na kandokando ya vijito. Aliyekaidi alipelekwa baraza la Mwenyeji na kutozwa faini au kufungwa.

Waluguru walikuwa na hoja tatu, na zote zilikuwa nzito kuliko majibu waliyopewa. Kwanza, kazi yenyewe: kuchimba tuta la ngazi kwenye mteremko kwa jembe la mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, na ilidaiwa katika siku zilezile ambazo shamba lilihitaji palizi. Pili, ardhi ya ukoo: mtu aliyelima kwa idhini ya ukoo wa mamaye au wa mkewe aliogopa kwamba anayejenga kitu cha kudumu kwenye kipande cha ardhi amebadilisha umiliki wake, au kwamba Serikali inatengeneza ardhi ili iichukue. Tatu, udongo. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unauzika na kuleta juu udongo mwekundu usioota kitu. Mkulima alichimba kama alivyoamriwa, akapanda, akavuna kidogo kuliko jirani aliyekaidi. Huwezi kuishinda hoja ya namna hiyo kwa hotuba.

Sultani Sabu bin Sabu, aliyeupigia debe mpango huo, alijikuta akizomewa na watu wake mwenyewe. Julai 1955, huko Matombo, mkutano ukageuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukazikwa. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na makosa ya mabwana shamba yalikisaidia chama hicho vijijini pengine kuliko hotuba nyingi za mjini.

Wanafunzi wa historia hapa hupenda kuishia kwenye ubaguzi wa rangi, na ubaguzi ulikuwepo. Ila hautoshi kueleza utaratibu wenyewe. Mkulima wa Cimarron alilipwa kwa sababu tatu ambazo Mluguru hakuwa nazo. Alikuwa na hati ya shamba, hivyo serikali haikuweza kumwamuru afanye nini juu yake bila kugombana na Katiba. Alikuwa na kura, na mbunge wake na maseneta wake walijua idadi ya kura hizo. Na alikuwa na haki ya kusema hapana: wilaya za hifadhi ya udongo zilizoanzishwa kuanzia mwaka 1937 ziliundwa kwa wakulima wenyewe kupiga kura. Serikali inapokutana na mtu anayeweza kukataa, hujifunza haraka kutoa bei.

Ukitaka kuthibitisha kwamba nguvu ndiyo iliyolipwa, si wema, tazama nani hakulipwa ndani ya Marekani yenyewe. Fedha za kupunguza pamba mwaka 1933 zilipita mikononi mwa mwenye ardhi. Sheria ilisema amgawie yule anayemlimia kwa kugawana mavuno. Wengi hawakugawa, na kwa kuwa ekari zilipungua, wakawafukuza kabisa. Julai 1934, huko Tyronza, Arkansas, wakulima hao, Weusi kwa Weupe, waliunda chama chao cha kutetea haki za wapangaji wa mashamba, na walipigwa na kuwindwa kwa ajili hiyo. Mpango uliosifiwa kwa kumwokoa mkulima ulimwondoa mkulima mwingine shambani, yule asiye na hati. Baadaye ngazi ya kaunti ikawa ndiyo kichujio. Kamati zilizoamua mambo mengi ya mikopo na malipo zilichaguliwa na wakulima wa mahali hapo, jambo ambalo kwenye karatasi ni demokrasia safi kabisa. Katika kaunti za Kusini lilimaanisha kwamba mkulima Mweusi alipeleka ombi lake kwa jirani aliyeitamani ardhi yake. Kesi ya Pigford, iliyofikia suluhu mwaka 1999, ilihusu ubaguzi wa aina hiyo katika mikopo na ruzuku, na suluhu ya pili ya mwaka 2010 ilifikia dola bilioni 1.25. Watumishi wa halmashauri zetu wanaoamini kwamba kushusha uamuzi ngazi ya chini kunaleta haki chenyewe wangefaidika kuisoma kesi hiyo.

Turudi kwenye majani ya Cimarron. Baada ya vita bei zilishuka tena, na mwaka 1956 Marekani ilianzisha kile kilichoitwa benki ya udongo: ardhi iliwekwa akiba kwa mkataba kama fedha zinavyowekwa benki. Kufikia mwaka 1960 zaidi ya ekari milioni 28 zilikuwa zimepumzishwa. Mikataba ikaisha, na mwaka 1972 Wasovieti walipofika kununua ngano kwa wingi, waziri wa kilimo, Earl Butz, akawahimiza wakulima walime mpaka ukingoni mwa ua. Nyasi zilizooteshwa kwa fedha za umma zikapasuliwa kwa faida ya mtu binafsi. Bei zikapanda, ardhi ikapanda, madeni yakapanda. Miaka ya 1980 yote matatu yakawaangukia.

Ndipo ikaja sheria ya chakula ya Desemba 1985, iliyotiwa saini na Reagan, mtu ambaye hakusifika kwa kupenda ruzuku. Ndiyo inayoendesha malipo ya sasa. Mwenye shamba hupeleka ombi akitaja kodi anayoitaka kwa ekari. Akikubaliwa, mkataba ni wa miaka 10 hadi 15, serikali inachangia mpaka nusu ya gharama ya kuotesha majani au miti, na mwenye ardhi analipwa kodi kila mwaka. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja kiliwekwa dola 50,000 kwa mwaka. Sheria pia iliweka kikomo ambacho naona kina busara kuliko vifungu vingine vyote: kwa kawaida, ardhi iliyopumzishwa isizidi robo ya mashamba ya kaunti. Sababu yake haina uhusiano na udongo. Mashamba yakilala, muuza mbegu analala, fundi wa matrekta analala, ghala la nafaka linafungwa, na shule inakosa watoto. Mwenye ardhi anaweza kuichukua hundi yake akaenda kuishi mjini. Kibarua wake hana hundi ya kuchukua.

Je, malipo yalifanya kazi? Kwa udongo, ndiyo, kwa muda wa mkataba. Mwaka 2007 ekari zilizopumzishwa nchini kote zilifikia kilele, milioni 36.8. Kisha mahindi yakaanza kugeuzwa mafuta ya magari kwa amri ya sheria, bei zikaruka, na kila mkataba ulioisha mwenye shamba alikaa na kalamu akipiga hesabu. Mamilioni ya ekari yalirudi chini ya plau. Bunge nalo, likitafuta pa kupunguza matumizi, likashusha kikomo hadi ekari milioni 24 katika sheria ya mwaka 2014. Ukame mkali ulirudi Cimarron kuanzia mwaka 2011, na vumbi likainuka tena, ingawa si kama lile la mababu. Hifadhi ya kukodi ina tabia ya nyumba ya kupanga: usipolipa kodi, unatoka.

Nimeyasema madhaifu hayo kwa kirefu ili nisieleweke kwamba napendekeza tunakili sheria ya Marekani. Hata hivyo lazima niseme pia kile kilichotokea hapa baada ya bendera kupanda. Tuliirithi sayansi ya miaka ya 1930 pamoja na mkono ulioishika. Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa makinga maji na miti. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Majani yalirudi Kondoa, na atakayekanusha hilo aende akaangalie. Lakini gharama ya kurudi kwake ililipwa na mwenye ng'ombe, aliyehamisha kundi lake kwenda kwa jirani au kuliuza. Mwaka 2006 wafugaji wa Usangu waliondolewa ili kuuokoa mto Ruaha Mkuu, na hadithi ikawa ileile. Machakos, kwa upande mwingine, watu waliochukia matuta ya lazima waliyachimba wenyewe kwa hiari baadaye, kwa mtindo wa fanya juu, pale kahawa iliporuhusiwa, soko la Nairobi lilipokua, na mchimbaji alipokuwa na uhakika kwamba atakayevuna ni yeye.

Na sasa Uluguru tena. Mwishoni mwa muongo wa 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo Juu mpango wa kuwalipa wakulima kwa kazi ya kuhifadhi maji ya Ruvu: makinga maji, matuta, miti mashambani. Miongoni mwa waliochangia fedha walikuwamo shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola. Katika milima ambayo miaka hamsini hivi nyuma mtu aliuawa katika mgogoro wa matuta, mjukuu alilipwa kuyachimba. Malipo yalikuwa madogo na vijiji vilivyoshiriki vilikuwa vichache. Bado, ilikuwa mara ya kwanza mnywaji wa maji ya Ruvu kukiri, kwa fedha, kwamba kuna mtu mlimani anayeyatunza.

Lakini mradi si sheria, na sheria tuliyonayo inasema jambo jingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye ramani ya Wizara mita 60 ni uzi mwembamba wa kijani. Kwenye bonde jembamba la Uluguru, mita 60 kila upande wa kijito ndiyo bustani ya kiangazi: ndipo penye mboga, migomba na magimbi, na mara nyingi ndipo penye fedha ya sare za shule. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, ukanda huohuo wa kando ya mto umekuwa na mlango wake maalumu katika malipo ya hifadhi: mwenye shamba akiuacha uote miti au majani, anakodishwa na serikali muda wowote wa mwaka bila kusubiri ushindani.

Afisa mazingira wa wilaya anayepanda mlimani na kanuni mkononi anajua anachokwenda kumwambia mwanamke mwenye bustani pale mtoni. Hana fungu la bajeti la kumfidia, na mara nyingi hana hata fomu ambayo jina la mwanamke huyo lingeweza kuandikwa, kwa kuwa kipande kile ni cha ukoo na katika daftari la kijiji limeandikwa jina la kaka yake. Huku chini, Dar es Salaam, ankara ya maji ina mistari kadhaa: ya uniti, ya huduma, ya majitaka. Nimeisoma yangu ya mwezi uliopita mara mbili. Mlima haumo.